Pigo Langu Lilifika, Kwa Nini Pointi Ikafutwa?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa Tanga, nina umri wa miaka 26, na kwa sasa ninasoma shahada ya uzamili ya uhandisi katika mji mmoja wa kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Nyumbani nilicheza karate tangu nikiwa sekondari. Nilipofika huku nilijiunga na klabu ya kendo ya chuo, kwa kuwa ukumbi wake uko karibu na bweni letu, na kidogo kidogo mchezo huo wa upanga wa mianzi ukaniingia moyoni. Nimefikia daraja la ikkyu, na mwaka huu natarajia kufanya mtihani wa shodan, yaani dani ya kwanza.

Lililonisukuma kukuandikia lilitokea katika mashindano ya vyuo vya eneo letu. Nilipangiwa mpinzani aliyenizidi uzoefu kwa mbali, lakini aliponyanyua mikono kutaka kunipiga kichwani, nilimwahi kwa pigo la kote, yaani kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na mlio wake ulisikika ukumbi mzima. Bendera za upande wangu zikainuka. Kwa furaha niligeuka kuwatazama wenzangu waliokuwa wamekaa pembeni, nikakunja ngumi na kuipandisha juu. Mwamuzi mkuu akasimamisha pambano, akawaita wenzake wawili katikati ya uwanja, na waliporudi mahali pao akazipunga bendera zote mbili chini, mbele ya mwili wake. Pointi ikafutwa, na mwishowe pambano likanishinda. Hakuna aliyesema kwamba pigo halikufika. Nilichoambiwa ni kwamba sikuwa na zanshin, yaani ule utulivu na umakini unaobaki baada ya pigo.

Mwalimu wetu mkuu, mzee wa dani ya saba, hulitaja neno hilo katika kila zoezi, lakini halifafanui. Kwa hiyo nimejitafutia njia mwenyewe: kila ninapomaliza kupiga hukaza macho, hukaza mabega na kusubiri kushambuliwa kutoka upande wowote. Matokeo yake mapigo yangu yamekuwa mazito, nachoka mapema, na mwalimu hunigusa bega kwa ncha ya shinai, ule upanga wa mianzi, huku akitikisa kichwa. Kwa kuwa wenzangu huniambia kwamba zanshin haiishii ukumbini, nimejaribu pia kuiishi nje. Ndani ya treni huhesabu milango na kumchunguza kila anayeingia. Njiani husikiliza nyayo zilizo nyuma yangu. Usiku mlango wa jirani ukifungwa nashtuka na usingizi unaruka.

Mwalimu, je, nilionewa siku ile? Na huo utulivu wenye kuona kila kitu, unaosifiwa na kila mtu hapa, hupatikanaje ikiwa juhudi zote ninazofanya zinanifanya niwe na wasiwasi zaidi?

Binti wa Tanga, Kyushu

*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa pointi iliyokuponyoka. Barua yako ina maswali mawili, na la kwanza ndilo lililolizaa la pili: kwa nini pigo zuri lilifutwa, na kwa nini jitihada zako za kulitengeneza jambo hilo zimekuharibia mabega na usingizi. Nitaanza na lile la kwanza, ambalo ndilo jepesi, ili tupate nafasi ya kutosha kwa la pili.

Hukuonewa. Kifungu cha 12 cha kanuni za mashindano za Shirikisho la Kimataifa la Kendo kinalieleza pigo halali kuwa ni lile linalotua mahali panaporuhusiwa kwenye vazi la kinga, kwa sehemu ya shinai iliyowekwa kwa ajili ya kupigia, likiwa na ari kubwa na mwili uliosimama vizuri, kisha likafuatiwa na zanshin. Maana yake ni kwamba zanshin imo ndani ya pigo lenyewe, na pigo lisilokuwa nayo bado halijakamilika, hata kama mlio wake umewafikia walioko nje ya ukumbi. Waamuzi huinua bendera kwa yale waliyoyaona hadi dakika hiyo. Wakikuona unampa mpinzani kisogo na kunyanyua ngumi, kanuni zinawaruhusu kukutana na kuifuta pointi waliyokwisha kuitoa, na ndivyo walivyofanya. Nina hakika kwamba uliposimama pale hukuwa na nia ya kumdharau mtu, lakini waamuzi wa kendo huhukumu kile kinachoonekana mwilini.

Tena, wewe uliyelelewa kwenye karate hukuwa mgeni kabisa wa jambo hili. Kanuni za kumite, yaani mapambano ya watu wawili, za Shirikisho la Karate Duniani kwa miaka mingi ziliitaja zanshin miongoni mwa vigezo sita vya kutoa pointi, na zilimwonya mchezaji anayegeuza mgongo mara baada ya kupiga ili kumvuta mwamuzi alitazame pigo lake; kosa hilo waliliita mubobi, yaani kujiacha bila ulinzi. Hata katika sumo, ambako pambano likiisha limeisha kweli, bingwa mkuu Asashōryū alikemewa mwaka 2009 kwa kunyanyua mikono juu ya ulingo akishangilia ushindi. Yapo mambo mawili katika makemeo ya namna hii: heshima kwa aliyeshindwa, ambaye bado amesimama mbele yako, na tahadhari juu yake, kwa sababu hiyo hiyo kwamba bado amesimama mbele yako. Wajapani hawaoni haja ya kuyatenganisha mambo hayo mawili, na kwa maoni yangu wana haki.

Tahadhari hiyo ina historia. Kabla ya shinai na mavazi ya kinga ulikuwapo upanga wa chuma, na mtu aliyekatwa kwa upanga haanguki lazima papo hapo. Anaweza kuwa na nguvu za kurudisha pigo moja, nalo likatosha kukuua. Kumbukumbu ya hali hiyo imehifadhiwa katika kata za kendo, yaani mazoezi ya watu wawili yenye miondoko iliyopangwa, zilizokamilishwa mwaka 1912, ambazo ni 10 kwa jumla, saba za upanga mrefu dhidi ya mrefu, na tatu ambamo anayeshinda hutumia upanga mfupi. Bila shaka unajifunza za mwanzo kwa ajili ya mtihani wako, kwa hiyo ikumbuke ile ya kwanza. Shidachi, yaani yule anayeshinda katika kata, hurudi nyuma kidogo, pigo la mwenzake, uchidachi, likapita hewani, naye akampiga kichwani. Kwa macho ya mtazamaji kazi imekwisha. Lakini ncha ya upanga wake hushuka hadi katikati ya macho ya uchidachi, na uchidachi anaporudi nyuma, ncha ile humfuata. Kisha shidachi hupeleka mguu wa kushoto mbele na kuunyanyua upanga juu ya kichwa, tayari kwa pigo ambalo halitapigwa. Uchidachi akianza kuinua upanga wake kuashiria kuwa amekubali, ndipo shidachi naye hushusha wake. Utakapoifanya tena kata hiyo, angalia jinsi ncha inavyomfuata mtu bila kumkimbilia wala kumchelewa. Hakuna nguvu ndani yake hata kidogo, lakini uchidachi hana pa kupitia.

Ukipata nafasi, nenda pia ukawatazame wanaofanya kyudo, upigaji upinde, maana ninyi mlioko vyuoni huko mara nyingi mna klabu zote mbili mahali pamoja. Kwao upigaji umegawanywa katika hatua nane, kuanzia kupanga miguu, na hatua ya nane inaitwa zanshin. Mshale umekwisha kuondoka kuelekea shabaha ya upana wa sentimita 36 iliyo umbali wa mita 28, na mpigaji hana tena la kuuamuru. Anabaki amenyoosha mikono pande zote mbili, kifua wazi, macho kwenye shabaha, pumzi ikitoka taratibu, kisha ndipo anapoushusha upinde. Simama pembeni uwaangalie watu kadhaa bila kuitazama shabaha yenyewe, ujaribu kubashiri kwa miili yao ni nani amepata na ni nani amekosa. Kwa wale waliobobea hutaweza kubashiri. Wanaoanza watakuonyesha kila kitu usoni.

Hapo ndipo swali lako la pili linapoanzia, nalo ndilo linalonihangaisha, kwa sababu naona umeitoka hitilafu moja ukaingia katika nyingine iliyo ndugu yake. Mtawa wa Zen aitwaye Takuan Sōhō, aliyeishi kati ya mwaka 1573 na 1645, alimwandikia Yagyū Munenori, mwalimu wa upanga wa watawala wa ukoo wa Tokugawa, mafundisho marefu kuhusu jambo hili. Kiini cha mafundisho yake ni kwamba hatari ya mpiganaji ni moyo unaosimama mahali. Ukiuweka kwenye upanga wa adui, umekamatwa na upanga wa adui. Ukiuweka kwenye upanga wako mwenyewe, umekamatwa huko. Na ukiuweka kwenye nia ya kutokatwa, basi nia hiyo ndiyo iliyokushika. Kwa hiyo alimshauri asiuweke popote, ili uenee mwili mzima na kufika kila panapohitajika bila kuitwa.

Sasa jitazame kwa mafundisho hayo. Siku ya mashindano moyo wako ulisimama kwenye furaha ya pigo, ukaganda pale wakati mpinzani wako akiendelea kusonga. Tangu siku hiyo umeuhamisha kutoka kwenye furaha ukaupeleka kwenye hofu ya pigo la kurudishwa, nao umeganda huko. Anayekaza mabega akisubiri kushambuliwa kutoka kila upande amekwisha kujifunga mwenyewe, kwa kuwa msuli uliokazwa hauna budi kulegezwa kwanza ndipo ufanye kazi nyingine, na katika kendo muda huo wa kulegeza unamtosha mpinzani kukupiga kichwani. Mwalimu wako anapokugusa bega kwa ncha ya shinai anakuonyesha hasa mahali ulipokwama. Wewe umelichukulia kuwa ni lawama. Mimi naliona kuwa ni maelezo kamili, tena ya upole, ya lile neno ambalo unadhani hajalifafanua.

Umewaona manahodha wa ngalawa pale kwenu Tanga. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye kamba ya tanga, mdomo unasimulia habari za jana sokoni, na upepo ukibadilika, kamba inalegezwa kabla sentensi haijakatika. Hajaacha kuuangalia upepo hata mara moja, na wala hakuukodolea macho. Utulivu unaosifiwa na wenzako huko Kyushu ni wa aina hiyo, na haupatikani kwa kuongeza juhudi ya kuangalia. Unapatikana pigo linapotolewa lote, bila kubakiza nguvu za akiba za kuogopea, kisha mwili ukapewa umbo sahihi la kukaa baada yake, na umbo hilo ndilo linaloulinda moyo.

Kwa hiyo nataka uache kabisa, kwa muda, kujaribu kuwa macho. Shughulika na mwili tu. Unapopiga kichwa, usisimame mahali pigo lilipotua. Pita pembeni mwa mpinzani kwa hatua ndogo za kuburuza nyayo, sauti yako ikiendelea mpaka pumzi iishe yenyewe, kwa sababu sauti inayokatwa ghafla huacha pumzi imefungwa kifuani, na kifua kilichofungwa huyapandisha mabega. Ukiwa umeshapata umbali wa kutosha, geuka na urudi kwenye chudan, yaani mkao wa katikati, ncha ya shinai ikielekea kooni mwa mpinzani, mkono wa kushoto ukiwa usawa wa kitovu na umeachana na tumbo kwa kiasi cha ngumi moja. Shinai ishikwe na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uulegeze kiasi kwamba mtu akija kuivuta shinai kutoka mbele angeuona ukifuata tu. Ukikaza mkono wa kulia, bega la kulia litapanda, na utakuwa umerudi kule kule.

Kifundo kina shida yake, na si ajabu kwamba ndicho kilichokuponza. Anayepiga kichwa hupita na kwenda zake, lakini anayepiga kifundo mara nyingi hujikuta yuko karibu mno na mpinzani, hajapita wala hajarudi, na hapo hushawishika kusimama wima kuona kama bendera zimeinuka. Usiyaache maamuzi hayo kwa dakika ile. Amua tangu mazoezini kwamba ukishapiga kifundo mwili utasonga mbele hadi ngumi zikutane na za mpinzani, ukiwa umeushika mstari wa katikati, au utarudi nyuma haraka huku ncha ikibaki kifuani au kooni mwake. Chagua moja kati ya hayo na ulirudie mpaka miguu iichukue yenyewe. Ukifanya hivyo hutahitaji kukumbuka zanshin, kwa kuwa hakutakuwa na pengo ambamo furaha au hofu itaingia.

Kuhusu macho, nadhani umekwisha kusikia wakitaja enzan no metsuke, yaani kumtazama mtu kana kwamba unautazama mlima ulio mbali. Uso wa mpinzani uwe katikati ya macho yako, lakini usiuchimbe. Mikono yake, ncha ya shinai yake na miguu yake vyote vitaonekana bila wewe kuvitafuta. Ndani ya wavu wa chuma wa kofia ya men ni rahisi kujaribiwa kukiangalia kimoja kimoja, hasa ile mikono ya mpinzani, kwa sababu ndiko pigo linakotokea. Anayeiangalia mikono hudanganywa na mikono. Zoezi zuri la kuupata mtazamo huo ni kirikaeshi, yaani mapigo ya kichwa ya mfululizo, ifanywe taratibu, pamoja na mtu mzoefu. Ile inayofanywa kwa kasi, na ambayo vijana wa vyuo huipenda, haitakusaidia kwa sasa. Katika ile ya taratibu, baada ya pigo la mwisho la kichwa, pita, geuka, kaa kwenye chudan kwa muda wa pumzi moja kamili, na usishushe shinai mpaka mwenzako ashushe yake.

Nije sasa kwenye treni na usingizi, na hapa nakuomba unisikilize kama mzazi. Unachokifanya ndani ya treni si zanshin ya maisha ya kila siku. Kuhesabu milango na kumpekua kila anayeingia ni kuusimamisha moyo mara mia ndani ya safari moja. Wenzako wanaposema kwamba zanshin haiishii ukumbini wanazungumzia mambo madogo yasiyochosha: kuushika mlango mpaka ufungike badala ya kuuachia, kuvipanga viatu unapovivua, kumaliza kuinama kwa heshima kabla ya kuanza kutembea, kujua kwamba nyuma yako kuna bibi mwenye mizigo na ukasogea bila kuombwa. Shughuli hizo humalizwa zote, na baada yake mtu yuko huru. Basi ndani ya treni kaa, teremsha mabega, acha macho yapumzike dirishani, na kama kuna jambo la kuonwa utaliona. Usiku ukifika, hakuna sheria yoyote ya kendo inayokutaka ulale ukiwa macho. Ikiwa baada ya kuacha zoezi hilo bado unashtuka na usingizi hauji kwa majuma kadhaa, nenda kwenye kituo cha afya cha chuo chako uwaeleze, kwa kuwa yawezekana upweke, masomo na ugeni vimekulemea kwa njia ambayo upanga wa mianzi hauwezi kuitibu, na hakuna aibu yoyote katika kusema hivyo.

Limebaki suala la mwalimu wako. Wazee wa dani za juu wengi hawaelezi kwa maneno mengi, nawe ukimuuliza zanshin ni nini, huenda akakujibu kwa neno lile lile au akacheka kwa upendo. Lakini mazoezi yanapokwisha mna desturi ya kumwendea mwalimu mmoja mmoja, mkapiga magoti na kuinama kumshukuru, naye hutoa neno fupi juu ya ulivyocheza. Itumie nafasi hiyo kumuuliza jambo ambalo mwili wake unaweza kulijibu. Mwambie kwamba unaomba kujua ni wakati gani hasa, baada ya pigo lako la kifundo, anapouona upenyo wa kukupiga. Kisha, katika zoezi linalofuata, muombe akupige hapo hapo kila mara upenyo huo unapotokea, bila kukuonea huruma, hadi atakapoukosa.